Ndoo ya Bwana Kutu

Ukialikwa chai kwa Bwana Kutu, ushauri wangu ni mmoja: usiombe kijiko. Ukiomba umejitakia mwenyewe. Atakuletea, sawa, lakini kabla hakijafika mkononi mwako atakigeuza chini juu, atakipeleka dirishani penye mwanga, atakikwaruza kwa ukucha pale shingoni, kisha atakuambia kwa huzuni kabisa kwamba hiki si chuma cha kuaminika. Chai yako itakuwa imepoa zamani.

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, tena zuri, ila limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani ni Bwana Kutu. Waliombandika jina hilo hawakumaanisha kwamba ni mtu aliyechakaa. Walimaanisha kwamba kutu ndiyo adui yake mkubwa, na akianza kuizungumzia, wenye shughuli zao huaga mapema.

Ni fundi wa mikanda. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: charahani nzito ya kushonea turubai, mabunda ya mkanda mweusi wa nailoni, mshumaa wa kuchomea ncha ili nyuzi zisifumuke, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa pete, klipu na skrubu. Zamani alishona mabegi na mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori. Siku hizi kazi yake kubwa ni mikanda ya wapiga mbizi, ile inayoushika mtungi wa hewa mgongoni, ikapita mabegani na kujifunga kiunoni, na kwenye pete zake vikaning'inia vitu vyote ambavyo mtu anavihitaji chini ya maji.

Na yeye mwenyewe hajui kuogelea. Wacha kuogelea, hata kuchovya vidole vya miguu ufukweni hataki. Akipita gatini hutembea katikati kabisa, kama anayeogopa kwamba bahari itanyoosha mkono imvute. Mpiga mbizi wa nyumba ile ni mkewe.

Mkewe anaitwa Mbizi, jina la kazini ambalo limemfuata hadi nyumbani. Ni mwembamba, ana kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na ameajiriwa na kampuni inayokagua na kutengeneza magati. Asubuhi wanawake wengine hutoka na mikoba, yeye hutoka na mapezi ya mpira begani. Wa tatu katika nyumba hiyo ni mama yake Mbizi, ambaye alihamia kwao baada ya nyumba yake kumzidi ukubwa. Mama mkwe huyo alikuwa na sifa moja iliyojulikana mtaa mzima: sufuria. Sufuria zake ziling'aa ndani na nje, hadi chini kule panapokaa moshi, na mtu angeweza kujitazamia humo akanyoa ndevu. Bwana Kutu alimsifu mara nyingi. Yeye alijifanya hasikii, na siku ya pili akasugua zaidi.

Sasa, chanzo cha yote ni jaketi la kampuni. Mwaka uliopita kampuni ilinunua majaketi mapya ya kupigia mbizi, yale yanayobeba mtungi wa hewa mgongoni, kwa haraka haraka, na mabizimu yake, yaani vile vifungo vya chuma vya kiunoni, yaling'aa utadhani yanakwenda harusini. La Mbizi lilikuwa kubwa kwake. Akiwa majini lilimpanda hadi kidevuni, lakini alivumilia. Siku moja alimaliza kazi, akapanda hadi kwenye ngazi ya gati, akabonyeza bizimu ili auvue mtungi. Halikufunguka. Kutu ilikuwa imelishika kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Akabonyeza tena, na tena, mawimbi yanamgonga ngazini, mikono imekwisha nguvu, mpaka mwenzake aliposhuka na kuukata mkanda kwa kisu.

Hakuumia. Jioni aliwasimulia mezani huku anacheka, akaigiza jinsi alivyoning'inia pale kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Mama yake alicheka kidogo. Bwana Kutu hakucheka hata kidogo. Aliinuka akaenda kunawa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

Kesho yake akamwambia mkewe, "Mikanda yako nitashona mimi. Na kila chuma kitakachokaa juu yake nitakichagua mimi."

"We! Wewe na bahari wapi na wapi?"

"Bahari siijui," akasema. "Kutu naijua."

Hapo ndipo ndoo ilipoingia katika maisha ya watu wa nyumba ile. Maana chuma kisichoshika kutu, jamani, si kimoja. Kipo cha jikoni, cha vijiko na masinki, na kipo cha baharini, kilichotiwa madini ya ziada ili kistahimili chumvi. Dukani vimelala pamoja na ni mapacha kabisa, vyote vizito, vyote vinameremeta. Muuzaji atakutolea sumaku. "Tazama, hainasi! Hiki cha baharini!" Uongo mtupu, kwa sababu cha jikoni nacho kwa kawaida hakinasi. Tena cha baharini kikipindwa kwa nguvu kiwandani kinaweza kuivuta sumaku kidogo, ukakitupa bure. Ipo namba inayopigwa muhuri kwa ndani, inasaidia, lakini muhuri hata mlaghai anaweza kuununua.

Basi Bwana Kutu akaamua kwamba shahidi atakuwa bahari yenyewe. Mkewe alimletea maji ya bahari kwenye madumu, akayamimina kwenye ndoo ya plastiki uani. Kila pete, kila klipu, kila bizimu lilale humo, kisha lianikwe juani likauke na chumvi yake, kisha lirudi tena. Chuma cha uongo hulia machozi ya rangi ya chai. Cha kweli hunyamaza. Kwa miezi kadhaa vyuma vilikuja na vyuma vikalia, na vingi, niseme ukweli, vilistahili kulia. Mbizi aliendelea kuvaa jaketi la kampuni, wamelibadilishia bizimu, na kila alipotoka nalo mumewe alimsindikiza hadi mlangoni.

Siku moja Mbizi alirudi anakimbia. Ameteuliwa kuongoza kikosi! Wangekagua nguzo za gati jipya kuanzia Alhamisi ya wiki iliyofuata, yeye mbele, wenzake nyuma yake.

"Sasa nisikilize vizuri," alimwambia mumewe baada ya kupongezwa na kukumbatiwa. "Mbele ya watu ninaowaongoza siwezi kushuka na jaketi linalonipiga kidevu. Nataka mikanda yako. Lakini ikifika asubuhi ya Alhamisi na haijawa tayari, nitavaa la kampuni na kwenda. Siwezi kumwambia bosi wangu kwamba tunasubiri ndoo."

"Itakuwa tayari."

"Bwana Kutu?"

"Nimesema itakuwa tayari, bibie!"

Akaenda kwa Swahiba. Swahiba ni muuza vyuma mtaa wa pili, rafiki yake tangu enzi za mikanda ya malori, mtu ambaye humwita kila mteja swahiba wangu, hata anayekuja kumdai kodi. Swahiba alifungua kabati la nyuma, akatoa pakiti iliyofungwa vizuri. Pete nene, klipu zenye springi ngumu, bizimu moja zuri la kufunguka kwa dole gumba. Za baharini, zenye muhuri, ameziagiza kwa ajili yake tu. Bwana Kutu alizibeba nyumbani kwa mikono miwili na kuzilaza kwenye ndoo.

Asubuhi ya pili alipoziinua zilikuwa na vidoa. Vidogo, vya rangi ya chai, vimetapakaa kila mahali.

Akazirudisha. Swahiba alishangaa, akakuna kichwa, akambadilishia. Nazo zikalia. Sasa hapo, mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Bwana Kutu hakukaa chini. Alitembea hadi dukani na mfuko wake, saa ambayo duka limejaa watu, akazimwaga pete juu ya meza, zikaviringika mpaka sakafuni.

"Swahiba, umeniuzia vijiko!"

"Swahiba wangu, taratibu. Hizo ni za baharini. Soma muhuri."

"Muhuri nimeuona na kutu nimeiona. Nimwamini nani kati ya hao wawili?"

"Niamini mimi basi. Tumejuana tangu lini?"

"Kumbe nilikuwa sikujui! Mke wangu atashuka chini ya maji amefungwa na takataka hizi, halafu wewe unaniambia taratibu? Wewe si muuza vyuma. Wewe ni muuza kutu!"

Swahiba, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alivua miwani yake akaifuta kwa shati. Kisha akasema, "Toka dukani kwangu. Na usirudi mpaka uje kuomba radhi mbele ya watu, kama ulivyonitukana mbele ya watu." Hakumwita swahiba wake. Bwana Kutu aliliona hilo alipokuwa ameshafika barabarani, na likamuuma.

Lakini Swahiba naye si mtu wa kuonewa akalala. Siku hiyo hiyo alituma mtu kuchota maji ya bahari, akayatia kwenye chupa kubwa ya kioo, akatumbukiza pete mbili kutoka pakiti ile ile, akaiweka chupa mlangoni na kuibandika karatasi: HIZI NDIZO PETE ZA BWANA KUTU. KARIBUNI MUONE KUTU. Watu hawana kazi, walikuja. Wengine walikuja mara mbili.

Mbizi alirudi nyumbani siku hiyo anacheka mpaka anashika mbavu. "Mume wangu, umekuwa maonyesho! Nimepita pale nimekuta foleni."

"Zimeota kutu?" Bwana Kutu aliuliza haraka.

"Hata kidogo. Zinang'aa tu."

Hakuamini. Siku iliyofuata alipita upande wa pili wa barabara, akajifanya anachagua viatu kwa muuza viatu, huku jicho liko kwenye chupa. Pete zilikuwa safi. Siku ya baadaye akapita tena, muuza viatu akaanza kumsalimia kwa tabasamu. Pete bado safi, kama zilivyotoka kiwandani. Na zile za nyumbani, pacha wa hizi, zilikuwa zimejaa madoa.

Akarudi akiikodolea macho ndoo yake. Akaiosha. Akabadilisha maji. Akabadilisha ndoo yenyewe, akatumia beseni la kuogea, mama mkwe akauliza sasa watu waoge wapi. Wapi! Madoa yakarudi vilevile. Jumanne ikafika. Jioni Mbizi alilitoa jaketi la kampuni kabatini, akalikung'uta na kulitundika mlangoni. Bwana Kutu aliliangalia bizimu lile na chakula kikamshinda.

Nimwambie msomaji jambo ambalo Bwana Kutu hakuwahi kumwambia mtu. Kila mkewe aliposhuka, yeye alibaki hapa juu akishona, na hakuna fundi duniani anayeweza kuishika sindano vizuri huku anahesabu pumzi za mtu mwingine. Hawezi kumfuata kule. Hata angetaka, maji yangemshinda kabla hayajafika magotini. Kitu pekee kutoka kwake kinachoweza kushuka naye ni mkanda, pete na bizimu. Ndiyo maana alivichagua kwa ukali ule. Ilikuwa ni hofu tupu, wala si ufundi.

Jumatano alfajiri aliamka mapema kuliko kawaida, kwa sababu ya mawazo. Akasikia sauti uani. Kwaru, kwaru, kwaru. Akanyata hadi mlango wa nyuma.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni miguuni, pete za baharini mapajani. Mkono mmoja ameshika bizimu. Mkono wa pili ameshika waya wa kusugulia sufuria. Anasugua kwa bidii yake ile ile iliyoujulisha mtaa mzima sufuria zake, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Bwana Kutu alishika mwimo wa mlango. Yote yakamfunukia kwa mara moja. Waya wa sufuria ni chuma cha kawaida, chuma dhaifu. Ukiusugua juu ya chuma kizuri, unaacha chembe zake ndogo ndogo zimejibana kwenye mikwaruzo. Chembe hizo ndizo zinazoota kutu, na chuma kizuri cha watu kinatukanwa bure. Jambo hilo analijua kama anavyolijua jina lake! Amewaonya wateja mara ngapi! Ila kwamba waya ule ungekuwa nyumbani kwake, mkononi mwa mkwewe, halikumpitia akilini.

Na sasa utamwambiaje mama mkwe? Mama mkwe hagombezwi. Bwana Kutu alikohoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Umenishtua roho." Akaficha waya nyuma ya kigoda kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Mama... hilo beseni," alisema Bwana Kutu, akiliangalia beseni badala ya mtu. "Hilo beseni limekuwa likinisumbua. Nikilaza vyuma, vikiamka vina madoa. Sasa nawaza, labda kuna kitu, sisemi mtu, nasema kitu, ambacho kinavigusa."

"Ni mimi," alisema mama mkwe mara moja. "Naviona vinapauka na chumvi. Nikasema, mwanangu hawezi kwenda kuwaongoza wanaume na vyuma vilivyopauka. Kila alfajiri navisugua. Kwani vibaya?"

Ikabidi amweleze. Alieleza polepole, kwa maneno ya kuzunguka zunguka, akaingiza na sufuria ili isiwe kama anamlaumu. Lakini mama mkwe alielewa kabla hajafika nusu. Mikono yake ikatulia. Akautoa ule waya nyuma ya kigoda, akautazama, na machozi yakamlenga.

"Kwa hiyo bizimu likimkwamia tena mwanangu, atakayekuwa amelikwamisha ni mimi mama yake?"

"Hapana, Mama! Hapana, usiseme hivyo."

"Mwenzio silali. Akiwa na kazi ya majini, mimi tangu alfajiri nimekodoa macho. Siku ile aliposimulia jinsi alivyonasa ngazini nilicheka ili asione. Sijui kushona, sijui vyuma, najua kusugua tu. Basi nikasugua."

Bwana Kutu alichuchumaa pale chini kwenye maji maji, akachukua bizimu kutoka mikononi mwake. "Mama, hata mimi silali," akasema. "Kumbe tumekuwa tukiogopa wawili nyumba moja, kila mtu na kona yake. Tungeambiana, tusingemharibia Swahiba jina."

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili, kile cha kuziba mdomo ili Mbizi asiamke.

"Sasa vimeharibika?" mama mkwe akauliza.

"Havijaharibika. Ndimu unazo?"

Ndimu alikuwa nazo kapu zima. Wakakamua, wakachanganya na maji ya moto, wakavilaza vyuma humo ili ile asidi iile chembe zote za waya. Kisha mama mkwe akapewa mswaki wa zamani, wa plastiki, akasugua nao mpaka shingo ya kila klipu, wakasuuza kwa maji baridi, wakatumbukiza kwenye maji ya chumvi. Mbizi alipoamka alikuta nyumba nzima inanuka ndimu, akauliza nani anaumwa mafua.

"Nenda kazini," mama yake akamwambia. "Tuna shughuli."

Mchana vyuma vilikuwa vimenyamaza. Hakuna doa. Bwana Kutu aliviinua juani kimoja kimoja, akavigeuza, akavirudisha, akavitoa tena, na bado hakuna doa. Akataka kukimbilia charahani. Mama mkwe alikuwa ameshajifunga kanga yake ya kutokea.

"Kwanza kwa Swahiba."

"Mama, nitakwenda kesho kutwa, nikishamaliza."

"Utakwenda sasa hivi, na mimi nakufuata. Kosa langu sitaki lisemwe na mtu mwingine."

Duka lilikuwa na watu, bila shaka, kwa sababu ya chupa. Swahiba alipomwona Bwana Kutu akaikunja mikono. Alipomwona mama mkwe akaikunjua, maana huyo ni mama wa mtu. Bwana Kutu alisimama katikati ya wateja, akasafisha koo.

"Jamani, mlinisikia nikimwita huyu bwana muuza kutu. Nilikosea. Vyuma vyake ni vya kweli kabisa. Kutu ilitoka nyumbani kwangu. Swahiba, nisamehe."

"Ilitoka mkononi mwangu," mama mkwe akadakia. "Mimi ndiye niliyesugua na waya wa sufuria. Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi, tuna kazi ya kufanya."

Wakacheka. Swahiba alijitahidi kununa, nadhani alipanga kununa kwa muda mrefu zaidi, lakini mdomo ulimsaliti. "Swahiba wangu," akasema, na Bwana Kutu akahisi kifua kinalegea, "umeniletea wateja ambao sijawahi kupata. Gomba na mimi tena mwezi ujao." Kisha akafungua droo, akamkabidhi mama mkwe brashi mpya ya nailoni. "Hii ni adhabu yako, Mama. Na ule waya ubaki kwenye sufuria."

Charahani ililia mchana kutwa. Mama mkwe alishika mshumaa, akachoma ncha za mkanda kama aliyezaliwa nayo kazi hiyo. Mbizi aliporudi, mikanda ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri. Aliivaa papo hapo juu ya nguo za kazi. Ilimkaa. Haikupanda kidevuni, haikulegea begani. Aliweka dole gumba juu ya bizimu, akabonyeza. Ta! Akalifunga, akabonyeza tena. Ta!

"Haya," akasema, na akalirudisha jaketi la kampuni kabatini.

Alhamisi waliomba ruhusa wakafuatana naye hadi gatini. Bwana Kutu alisimama katikati, mahali pake pa kawaida, mbali na kingo zote mbili. Mama mkwe alikuwa kando yake na mkoba wake kifuani. Mbizi alitoa maelekezo kwa wenzake, sauti yake imebadilika, ya mtu anayesikilizwa. Kabla hajashuka alipunga mkono. Halafu maji yakamfunika.

Yakabaki mapovu ya pumzi yake tu. Bwana Kutu aliyatazama kutoka pale alipo, kisha akasogea kidogo ili ayaone vizuri. Akasogea tena. Mama mkwe alimwona akisogea, akamwacha. Mapovu yalizunguka nguzo ya kwanza, yakaenda nguzo ya pili, yakapotea nyuma ya nguzo ya mbali, na hapo Bwana Kutu akafika ukingoni bila kujua amefikaje. Yakatokea tena. Akavuta pumzi.

Hatimaye kichwa cha Mbizi kikaibuka karibu na ngazi, ngazi ya chuma kama ile ya mwaka uliopita. Akaishika kwa mkono mmoja. Mawimbi yalikuwa yanamsukuma. Mkono wa pili ukashuka kiunoni kulitafuta bizimu, na Bwana Kutu akataka kulisikia. Hakutaka kuona, alitaka kusikia, na kwa kelele za maji pale juu asingesikia kitu.

Ta!

Mtungi ukaachia, mwenzake akaupokea, na Mbizi akainua uso wake wenye alama za miwani. Akapanua macho.

"Mume wangu! Uko majini!"

Bwana Kutu akaangalia chini. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, viatu miguuni, suruali mwilini, bahari imemfika kiunoni. Mikono yake ilikuwa imeshika chuma cha ngazi kwa nguvu zote. Juu yao mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na mkoba umeanguka.

"Niliogopa," akasema. Lilimtoka hivyo hivyo, mbele ya kikosi kizima.

Mbizi hakucheka. Aliuweka mkono wake wenye maji juu ya mkono wake. "Najua. Na mimi niliogopa siku ile. Ndiyo maana nilicheka sana." Wakakaa hivyo kidogo, yeye majini, mumewe nusu majini. Kisha macho ya Mbizi yakashuka kwenye mkanda wa suruali ya mumewe, na kicheko kile cha nyumba ya tatu kikaanza kupanda taratibu. "Hebu niambie, fundi. Hilo bizimu lako wewe, ni chuma gani?"

Bwana Kutu akaliangalia. Alilinunua sokoni, kwenye rundo, miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kulitazama hata mara moja.

Asubuhi ya Ijumaa lilikuwa limelia machozi ya rangi ya chai hadi kwenye kitambaa cha suruali, na halikufunguka kwa dole gumba wala kwa koleo. Mama mkwe alimkuta uani, suruali ile mkononi, akihangaika nalo. Akaweka kigoda chini, akakaa, akauchomoa waya wa sufuria mfukoni mwake.

"Hili je, mwanangu? Nisugue?"

"Hilo, Mama," alisema Bwana Kutu, akamkabidhi suruali pamoja na mkanda wake kwa mikono miwili, "sugua mpaka uchoke."